Mwanamume Aliyelala Nyumba Mbili Usiku Mmoja

Sehemu ya Saba

Nilipokomea wiki iliyopita nilikuwa nimekwisha kuwa mwizi. Tuanzie hapo hapo, nisije nikapata nafasi ya kujipamba.

Kwa aliyechelewa kutufuata: mimi ni Cyril Odling, mpeleka barua mstaafu wa mji wa Stainwold, kaunti ya Lincolnshire. Umri miaka hamsini na minane, magoti ya mtu wa themanini. Naishi na dada yangu Muriel, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita na ambaye hajaacha kunikumbusha. Mke wangu Olive alifariki miaka tisa iliyopita. Ili nisishinde nyumbani nikihesabu maua ya pazia, nikaanza kwenda jumba la nyaraka la kaunti kutafuta mababu zangu.

Mababu niliwapata. Nikampata na Enid Cutforth, mwalimu mstaafu wa Saltmere, ambaye tuligombania mashine moja ya kusomea filamu, ile mikanda yenye picha za nyaraka za zamani, mpaka tukachumbiana. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili moja. Zilibaki mbili.

Ndipo nikamkuta Jabez mahali ambapo hakupaswa kuwa.

Jabez Odling ni baba wa babu yangu. Alikuwa muuza mbegu na mzee wa kanisa, na jina lake limechorwa kwenye bamba la shaba ukutani mwa kanisa letu, chini yake maneno haya: mume mwaminifu, baba mwema. Muriel hulisugua bamba hilo kila Jumamosi kwa kitambaa ambacho haruhusu kipanguse kitu kingine chochote.

Sasa, sensa ya mwaka 1881 ilimwandika kila mtu pale alipolala usiku wa tarehe tatu Aprili. Usiku huo Jabez alilala Stainwold, na mkewe Keziah na watoto sita. Hilo nililijua tangu zamani. Nisilolijua ni kwamba usiku huo huo alilala pia Saltmere, maili thelathini na mbili kutoka kwetu, na mkewe Thirza na watoto wanne. Jina lile lile, miaka arobaini na miwili ile ile, kazi ile ile ya mbegu, kijiji cha kuzaliwa kile kile cha Wragthorpe.

Na mtoto wa tatu wa Thirza, msichana aitwaye Adah, ndiye bibi yake Enid. Enid aliwahi kuniambia kwamba bibi yake alikuwa Odling, tukacheka, tukasema akina Odling wameota kaunti nzima kama magugu. Kumbe magugu yenyewe yalitoka mfuko mmoja.

Enid alikuwa ameiomba filamu hiyo ya Saltmere kwa siku ya Jumanne. Kwa hiyo nikaitoa kwenye boksi lake, nikaitia kwenye boksi la parokia moja ya huko mabwawani ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia, nikavaa kofia, nikaenda zangu.

Jumanne ikafika.

Mtunza nyaraka wetu ni Bwana Dannatt. Ni mtu anayechonga penseli zake zote zilingane urefu. Enid alipoomba filamu, Bwana Dannatt akaleta boksi, akalifungua mbele yake, na ndani hamkuwa na kitu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifutika vile. Akalifunga boksi, akalifungua tena, kana kwamba filamu ilikuwa imetoka kidogo na ingerudi. Kisha akawaomba wasomaji wote wasimamishe kazi. Akasema kwa sauti ya chini kuwa katika miaka kumi na tisa hajapoteza hata kibanio cha karatasi, na kwamba jioni hiyo angewaandikia wakubwa wake barua ya kujiuzulu, ila kwanza angefungua kila boksi lililomo chumbani, kuanzia herufi A.

Yalikuwamo maboksi zaidi ya mia nane. Saa sita mchana alikuwa bado yuko C.

Mimi nilikaa mbele ya mashine yangu nikisoma ubatizo wa watu nisiowajua. Enid akanigusa bega, akaniambia tutoke tukale.

Tukaketi kwenye benchi la nje, upande usio na upepo. Alikuwa amefunga sandwichi za mayai na chupa ya chai. Akamimina, akanitazama.

"Cyril, mbona unatokwa jasho na baridi yote hii?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kumeza mate: nyumba mbili, wake wawili, Adah, boksi la mabwawani. Nikamwambia niliogopa angesoma ile sensa, aone damu tuliyotoka, na anirudishie barua ya kwanza ya mapenzi niliyomwandikia mtu baada ya miaka mingi. Nikasema kama anataka tuvunje uchumba nitaelewa.

Enid akaiweka sandwichi yake juu ya karatasi.

"Basi na mimi nina langu," akasema. "Nilijua tangu mwaka juzi."

"Ulijua nini?"

"Yote. Filamu ile niliiomba ili leo nikuonyeshe mwenyewe. Unadhani siku ile ya kwanza niling'ang'ania mashine yako kwa bahati mbaya? Mashine zilikuwa sita, Cyril. Tano zilikuwa wazi."

Nikajaribu kukikumbuka chumba siku ile. Ni kweli. Tulikuwa sisi wawili tu, na kelele zetu.

Akanieleza kwamba alipomkuta Jabez amelala nyumba mbili, alikasirika mwezi mzima, kisha akashikwa na hamu ya kuona watu wa nyumba ya pili wakoje. Akasikia yupo Odling mmoja wa Stainwold ambaye huja kila Jumanne. Nia yake ilikuwa kuniangalia pua, aone kama inafanana na ya mjomba wake, kisha aondoke. Badala yake nikamkaribisha biskuti, nikamwambia kwamba mwandiko wa makarani wa zamani huninyima usingizi, naye akajikuta amerudi Jumanne iliyofuata, na nyingine tena.

"Kwa hiyo unanipenda kwa sababu ya pua?" nikamwuliza.

"Pua yako haifanani na ya mtu yeyote. Kula."

Nikala. Kwa mara ya kwanza kwa siku nne chakula kikapita. Lakini alikuwa hajamaliza. Akafungua mkoba, akatoa nakala mbili za vyeti vya ndoa, akaziweka magotini mwangu. Jabez Odling, hajaoa, na Thirza, kanisa la Saltmere, Mei 1863. Jabez Odling, hajaoa, na Keziah, kanisa la Stainwold, Oktoba 1867.

Nikazisoma mara mbili. "Kwa hiyo upande wetu..."

"Upande wetu ni ndoa," akasema Enid, akipangusa chembe za mkate kwenye sketi yake. "Upande wenu, mpenzi wangu, ni mazoea."

Alikuwa ameshauliza kila mahali. Undugu wetu ulikuwa wa mbali, sheria haikuuona wala kanisa halikuujali. Sharti lake lilikuwa moja tu: Muriel aambiwe kabla ya harusi. Alisema hataingia nyumba ya mtu akiwa amebeba cheti cha kumwaibisha kwenye mkoba. Ama nimwambie mimi, ama amwambie yeye.

Nikasema nitamwambia mimi. Lakini kwanza nikarudi ndani kwa Bwana Dannatt, aliyekuwa amefika F, shati limekunjwa mikono, macho mekundu. Nikampeleka hadi kwenye lile boksi la mabwawani, nikalifungua, nikakiri.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniomba kadi yangu ya usomaji, akaitia kwenye bahasha ya kahawia, akaandika juu jina langu, tarehe na kosa langu, akaipa namba, akaipanga kwenye droo kati ya hati nyingine. Miezi sita nisionekane mlangoni pale. Nimetafuta nyaraka maisha yangu yote ya ustaafu; siku hiyo nikawa mojawapo.

Muriel nilimkuta jikoni anapika jamu ya plamu. Ndani ya basi nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, lakini nilipouona mgongo wake na ule mwiko ukizunguka sufuriani, mpango wote ukayeyuka. Nikaanza katikati, nikarudi mwanzo, nikamalizia pembeni.

Hakugeuka. Aliuliza jambo moja: nani aliyeijaza hiyo karatasi ya sensa ya Saltmere. Nikamjibu kwamba kila nyumba ilijaza ya kwake.

"Kwa hiyo ni mwanamke tu wa Saltmere aliyeandika kwamba babu yetu alilala kwake."

"Ndiyo."

"Wanawake wa Saltmere," akasema, kama mtu aliyemaliza kesi, akaendelea kukoroga.

Nikaviweka vile vyeti juu ya meza. Hapo akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Aliposoma mara ya tatu nikasikia harufu, na sote tukatazama sufuria. Jamu ilikuwa imeungua. Nimeishi na Muriel utoto wangu wote na miaka tisa ya uzee, na hakuna kitu alichowahi kukiacha kiungue.

"Bamba letu," akasema mwishowe.

Nikataka kumfariji. Nikamwambia bamba halikudanganya, limesema mume mwaminifu, halikusema wa nani. Nilipoona hajacheka mtu, nikaongeza kosa juu ya kosa, nikamsimulia Enid alivyosema kuhusu ndoa na mazoea.

Baada ya hapo Muriel hakusema nami siku kumi na moja.

Alikuwa akiniachia vikaratasi chini ya birika la chai. Nyama iko kabatini, ipashe. Maziwa yameisha. Kimoja kilisema tu: Mazoea, kisha nukta. Jumamosi ikafika, bamba halikusuguliwa. Kanisa zima liliona, maana jua la asubuhi hulipiga pale pale, na Jumapili hiyo halikung'aa.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya matangazo yetu. Kasisi Leggate alipouliza kama kuna anayejua kizuizi chochote, Muriel, aliyekuwa amekaa ncha ya mwisho ya benchi kana kwamba nina ukurutu, akakohoa. Vichwa sitini vikageuka. Akatoa kitambaa, akafuta mdomo, akatazama mbele. Kilikuwa kikohozi tu, lakini shati langu lililowa mpaka kiunoni.

Kesho yake akavaa kofia yake ya mazishi, akapanda basi la saa mbili na dakika arobaini asubuhi kwenda makao ya kaunti. Akarudi jioni, macho mekundu, hakunywa chai. Jumanne akaenda tena. Jumatano tena. Alhamisi tena. Jirani yetu akanong'ona nami juu ya ua kwamba basi lile hushusha watu mbele ya ofisi za mawakili. Nikajumlisha mwenyewe: dada yangu anatafuta sheria ya kuivunja ndoa yangu.

Nikampigia Enid simu. Akasema wakili atamwambia yale yale ambayo yeye alikwisha kuambiwa na kasisi wa Saltmere, ila kwa maneno mengi zaidi. Nikamwuliza haogopi. Akanijibu kwamba amefundisha darasa la watoto arobaini kwa miaka thelathini, na Muriel ni mmoja tu.

Jumapili ya tatu ikawadia.

Enid alikuja kwa basi kutoka Saltmere, amevaa koti la buluu, akakaa kando yangu. Muriel alikuwa benchi la mbele, na ile kofia ya mazishi. Kasisi Leggate ana makanisa manne ya kuhudumia kila Jumapili, kwa hiyo husoma kama mtu aliyeacha injini ya gari ikiunguruma.

"Natangaza ndoa kati ya Cyril Odling, mgane, wa parokia hii, na Enid Cutforth, asiyewahi kuolewa, wa parokia ya Saltmere. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Kama yuko kati yenu anayejua sababu ya haki ya kuwazuia, aiseme."

Alikuwa ameshaanza kufunua ukurasa Muriel aliposimama.

"Ninalo jambo," akasema.

Mpiga kinanda akakanyaga kitu asichokusudia, kinanda kikatoa mlio wa ng'ombe. Kasisi akamwomba Muriel, kwa upole kabisa, asubiri hadi mwisho wa ibada. Muriel akajibu kwamba jambo lenyewe limesubiri miaka mia moja ishirini na sita, na halina subira iliyobaki.

Akatoa karatasi mkobani. Akasoma kwa sauti ile ile anayotumia kusoma orodha ya zamu za kupanga maua.

"Kanisa la Wragthorpe, tarehe kumi na moja Novemba, mwaka 1860. Jabez Odling, hajaoa, miaka ishirini na mmoja. Mahala Stubley, miaka kumi na tisa, mtumishi wa shambani. Jabez ametia sahihi. Mahala ameweka alama ya msalaba, maana hakujua kuandika."

Nyuma yetu bibi mmoja akamwuliza mumewe, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, kama sasa ni wawili au watatu. Mumewe akamwambia watatu.

Muriel akageuka, akamtazama Enid peke yake.

"Elfu moja mia nane na sitini," akasema. "Miaka mitatu kabla ya Thirza wenu. Kwa hiyo upande wenu nao ni mazoea."

Akaketi.

Kasisi Leggate akaniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyeoa wote watatu. Kisha akamwambia mpiga kinanda apige wimbo, beti zote, asiruke hata mmoja, akatuita sisi watatu chumba cha majoho.

Ni chumba chembamba, chenye majoho ukutani na maboksi ya vitabu vya nyimbo sakafuni. Tulisimama tumebanana. Kasisi akaanza kueleza kwamba historia hii inasikitisha lakini haiwi kizuizi. Muriel akamkatiza. Akasema analijua hilo, Bwana Dannatt alishamweleza.

"Bwana Dannatt?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya siku kumi na moja.

"Ulidhani nilikuwa wapi siku nne zile?"

Hakwenda kwa wakili hata dakika moja. Muriel, ambaye miaka yote alisema kutafuta wafu ni kazi ya watu wasio na wageni, alikuwa amekaa mbele ya mashine kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Bwana Dannatt alimpa kiti chake mwenyewe, chenye mto. Tena Muriel alikuwa amewaza kuliko sisi. Mimi na Enid tulikuwa tumemfuata Jabez kule alikohamia. Yeye alijiuliza kijana wa miaka ishirini angeoa wapi kama si kijijini kwao, akaanzia hapo.

"Nilikwenda nikitafuta cha kumshusha huyu," akasema, akimwonyesha Enid kwa kidevu. "Sikatai. Nilitaka nimkute mtu wa kukaa juu yake. Nikamkuta Mahala."

Sauti yake ikabadilika. Akasema kwamba katika sensa ile ile ya 1881, usiku ule ule ambao Jabez alilala nyumba mbili, Mahala alikuwa Wragthorpe, peke yake, chumba kimoja, mfua nguo. Hakujaliwa mtoto. Karani alimwandikia: mke, mume safarini. Mwaka 1871 walikuwa wameandika hivyo hivyo. Mwaka 1861, vile vile. Mwaka 1904 akazikwa kwa jina la Mahala Odling.

"Miaka arobaini na minne anangoja mtu aliyeko maili chache kutoka kwake," akasema Muriel. "Wale wawili walimwandika kitandani mwao, na mmoja wao alidanganya, sijui yupi. Huyu ndiye aliyesema kweli. Alisema hayupo."

Enid akaichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaketi juu ya boksi la vitabu. Kisha akaunyosha mkono, akaushika wa Muriel.

"Wake wenza watatu wasiojuana," akasema. "Na sisi hapa tunagombania nani mke mkubwa. Nisamehe, wifi. Lile neno la mazoea lilikuwa la kiburi."

"Lilikuwa la kweli," akasema Muriel. "Ndilo lililoniuma. Sikusimama kuwazuia. Nilisimama ili nisije nikawa wifi wa mtu anayeniona kutoka ghorofani."

Wakatazamana. Nikaona kitu ambacho sikukitegemea: midomo ya wote wawili ikaanza kutetemeka kwa kicheko, kwanza Enid, halafu Muriel, mpaka kofia ya mazishi ikapinda. Wakaanza kupanga safari ya Wragthorpe kulitafuta kaburi. Muriel akasema ana koti zuri la mvua la kumwazima. Enid akamwuliza aliusomaje mwandiko wa yule karani wa 1871, maana herufi zake ni kama miguu ya kuku. Dakika tano hawakukumbuka kwamba nipo.

Kasisi Leggate akapumua. Akafungua kitabu cha matangazo, akachovya kalamu, tayari kutia sahihi kwamba mara ya tatu imesomwa na hakuna kizuizi.

Mambo yangeishia pale. Ningekuwa mtu mwenye mchumba, dada na amani.

Lakini Enid alikuwa amefurahi, na akifurahi hutania. Akawa anafunga vifungo vya glavu zake, akaniinamia.

"Haya, Cyril, kabla kasisi hajatia sahihi. Kuna chako chochote kwenye makaratasi ambacho nitakuja kukikuta baadaye?"

Ulikuwa utani. Wote watatu walikuwa wanatabasamu, hata kasisi.

Wasomaji wangu, wiki sita nimewafunulia mambo ambayo mtu mwenye akili angekaa nayo, nanyi mmenivumilia. Hili sikuwaambia. Olive niliishi naye miaka ishirini na minne, na yeye sikumwambia. Na ningeweza kusema hapana pale pale, ni neno fupi, kila mtu angeenda kula chakula cha mchana. Lakini mbele yangu ilikuwa ile karatasi yenye alama ya msalaba ya msichana wa miaka kumi na tisa, na ulimi ukakataa.

"Kipo kimoja," nikasema.

Huko nje waumini walikuwa wamefika ubeti wa nne.

Nikawaambia. Mwaka 1948, nilikuwa na miaka ishirini, niko jeshini kwa mujibu wa sheria, kambi moja ya huko Yorkshire. Kulikuwa na msichana aliyemimina chai kantini, jina lake Rosina Tulk. Tulifunga ndoa kwa msajili Ijumaa moja, mashahidi wetu wakiwa koplo mmoja na mfagiaji. Tulidumu wiki kumi na moja. Tuligombana kwa sababu ambazo leo siwezi kuzikumbuka hata moja. Akaenda kwa shangazi yake mjini Hull, akaniandikia barua kwa wino wa kijani akisema ni heri kila mmoja amsahau mwenzake. Mimi ni mtu mtiifu. Nikamsahau. Miaka mitano baadaye nikamwoa Olive.

Muriel alikuwa ameacha kutabasamu zamani. "Na siku ya Olive kasisi aliandika nini? Kwenye kitabu?"

"Aliniuliza kama sijaoa. Nikatikisa kichwa."

"Juu chini, au huku na huku?"

Nikasema nadhani katikati. Aliandika hajaoa.

Kalamu ya Kasisi Leggate ilikuwa bado hewani, tone la wino likiwa limening'inia. Ni mtu mwema. Akaniambia kwa utaratibu kwamba watu huachana, si ajabu, ila angehitaji kuiona hati. Mahakama gani ilitoa talaka, na mwaka gani.

Nikaitafuta hiyo mahakama kichwani. Nilikuta barua ya Rosina. Nilikuta kituo cha treni na mvua. Nilikuta jina la yule koplo. Mahakama sikukuta. Wala hati, wala wakili, wala mahali nilipotia sahihi. Miaka thelathini na minane, na ni ndani ya kile chumba chembamba nilipong'amua kwamba swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

"Cyril," akasema Enid, "huyo Rosina yu hai?"

"Sijui."

Kasisi akaifuta kalamu, akaiweka mezani. Akakifunga kitabu.

Enid akaanza kuvua glavu, kidole baada ya kidole, bila kunitazama. Nje wimbo ukaisha, na tukalisikia kanisa zima likitusubiri, kimya, mabenchi yakilia.

Muriel ndiye aliyesogea kwanza. Akaigeuza ile karatasi upande wake mweupe, akaiweka juu ya boksi, akailamba ncha ya penseli.

"Tulk," akasema. "Nitajie herufi moja moja. Na tarehe aliyozaliwa, kama uliwahi kuijua."